Simu ya Tatu

Taa ya ruta ya waifai ilikuwa inapepesa, na katika nyumba nzima hapakuwa na simu iliyoungana na mtandao.

Mshonaji aliitazama kupitia mlango, akiwa ameketi kwenye cherehani yake. Simu yake alikuwa ameizima ili amalize gauni la mteja bila kusumbuliwa. Mumewe, mfamasia, alikuwa dukani na yake. Mama mkwe alikuwa amejilaza, na simu yake ya vitufe haikujua intaneti ni mnyama gani. Hata hivyo ile taa ya kijani ilikimbia kama macho ya mtu anayesoma barua, ikatulia, ikakimbia tena. Ikaja pia harufu ya pasi ya moto juu ya kitambaa chenye unyevu. Mshonaji alinyoosha mkono akaigusa pasi yake. Ilikuwa ya baridi.

Alijiambia ni jirani anapiga pasi. Mchana mtu hujiambia mengi.

Jioni mumewe alirudi, akasukuma sahani pembeni, akafungua kwenye simu yake ule ukurasa wa ruta unaoonyesha vifaa vilivyounganishwa.

"Hii ni yangu. Hii ni yako. Na hii iliyoingia leo mchana?"

"Labda jirani ameipata pasiwedi."

"Kwa nani? Mimi sijawahi kuitamka."

Hilo lilikuwa kweli. Mgeni akiomba waifai katika nyumba ile, mfamasia alisema, "Lete simu," akaandika mwenyewe huku amekinga kwa kiganja, kisha akairudisha. Hata mkewe, alipoingia humo kama bi harusi, alifanyiwa hivyo hivyo. Alidhani ni ubahili, baadaye akadhani ni utani, mwisho akaacha kudhani.

"Una simu nyingine," mumewe alisema kwa sauti ya chini, mama asisikie. "Inaingia nikiwa kazini."

"Na mimi nakuwa kazini, mume wangu. Kazi yangu iko humu humu."

"Kesho namleta fundi. Ikiwa ni yako, kaka yako aje akuchukue."

Mshonaji aliondoa sahani mezani. Kurudi kwao hakukumtisha. Wazazi wake walikuwa watu wema. Alichoogopa ni kurudi na sifa ya uongo, kwa maana ikishamganda mwanamke, hata akisema jua limechomoza watu hutoka nje kuhakikisha. Naye pia alianza kumtazama mumewe kwa pembe ya jicho. Anayeficha neno la kufungulia mlango, aliwaza, ana kitu nyuma ya mlango.

Fundi alikuja kesho yake, jua likiwa limelegea. Alikuwa dada mrefu ambaye wateja walimwita Antena, na jina hilo alikuwa amelishona mwenyewe kwenye begi lake.

"Ukisimama hapo, mwanangu, ruta ya nini tena?" mama mkwe alimwambia.

"Mimi nashika mawimbi ya mbali tu, bibi. Ya karibu yananipita chini."

Alichomeka waya, akasoma, akaguna. "Kaka, nywila ya kuingilia kwenye mipangilio ni ile ile iliyobandikwa chini ya ruta tangu kiwandani. Na hiki kitufe cha kuunganisha simu bila pasiwedi umekiacha wazi. Umefunga dirisha, mlango umeuegesha."

"Itafute ile simu."

"Ipo. Imeunganishwa sasa hivi." Alibonyeza mara kadhaa. "Nimeitoa. Kitufe nimekifunga." Akangoja. Uso wake ukabadilika. "Imerudi. Basi pasiwedi anaijua. Na mawimbi yake yana nguvu kuliko ya simu niliyoishika. Iko karibu na ruta kuliko mimi."

Wote waliigeukia ruta. Ilikaa peke yake kwenye rafu, kando ya mlango wa chumba cha kushonea, na chumbani humo hapakuwa na mtu.

Mshonaji aliweka simu yake mezani, akaweka na mikono yake miwili. "Nipekue," alimwambia mumewe. "Mbele ya mama."

Mfamasia hakusogea.

"Tubadilishe pasiwedi kwanza," Antena alisema. "Ya sasa ni…" Akaisoma kwa sauti, kama mtu asomavyo neno lolote. Lilikuwa jina la mwanamke.

"Abee," chumba cha kushonea kikaitika.

Ilikuwa sauti ya chini, ya mwanamke aliyezoea kuitwa na mtu yule yule, asiye na haraka kwa kuwa anajua atasubiriwa, na nyuma yake ile harufu ya pasi ikamwagika sebuleni, nzito, yenye mvuke, harufu ya koti jeupe la mfamasia likinyooshwa kola, koti ambalo mshonaji hakuwahi kulipiga pasi kwa sababu mumewe hakukubali mtu aliguse. Na alipomgeukia mumewe aone kama naye amesikia, aliona usoni pake kitu ambacho hakikuwa hofu hata kidogo, kitu kilichofanana na shauku, na hicho ndicho kilichomtisha kuliko sauti yenyewe.

"Mwanangu," mama alinong'ona, "umemfanya marehemu mkeo kuwa ufunguo wa nyumba?"

Mfamasia aliketi. Alizungumza akitazama sakafu.

"Huwa namwandikia. Kwenye namba yake ya zamani. Simu yake ilisagika naye kwenye ajali, nilijua ujumbe hauendi popote. Nilikuwa naandika tu. Juzi juzi alama zimeanza kuonyesha umesomwa." Akamwinulia mkewe macho. "Nilidhani umeichukua namba yake. Nilidhani unakaa humu unanisoma, unanicheka."

Mshonaji alitafuta hasira, akaipata ndogo kuliko alivyotarajia. Mfiwa hubisha hodi kwenye nyumba anayojua haina mtu, kwa sababu kule kubisha ndiko kunakompa nafuu.

"Kumbe ni yeye," mfamasia alisema.

"Aliyekufa haitiki," mama alijibu. "Ukimwita kila siku asiyeweza kuja, anakuja mwingine mwenye nafasi. Badilisha. Kwa mkono wako wewe uliyemwita."

Antena alimsogezea simu. Kidole cha mfamasia kilisimama juu ya lile jina muda mrefu, na chumbani kitu kikaburuzwa taratibu juu ya meza, kama pasi inayorudi nyuma kuandama mkunjo. Mwishowe mfamasia akafuta, herufi moja moja, akaandika. Ruta ikazimika taa zote, ikawaka upya. Harufu ikapungua, ikaisha.

"Zote zimetoka," Antena alisema, akapumua. "Zitarudi mbili tu, yako na ya dada."

"Na hiyo mpya tuambiwe sote," mama alidai. "Siri zimetosha."

"Sindano uzi mkasi kifungo," mfamasia alisema, akimtazama mkewe.

"Ndefu, safi kabisa," Antena alisema. "Huyo hataikisia hata akikaa mwaka."

Mshonaji alitabasamu kidogo. Kaka yake asingeitwa. Hilo alilisoma usoni mwa mumewe kabla hajaambiwa.

Simu ya mfamasia ikatetemeka mezani. Ilikuwa namba ile ya zamani, ambayo katika miezi yote ile haikuwahi kujibu.

*Mlango mmeufunga. Mimi bado nimo ndani.*

Aliisoma, akamtazama mkewe haraka. Mikono ya mkewe ilikuwa palepale mezani, mitupu, na simu yake ilikuwa imelala kifudifudi mbele ya macho ya wote. Na yule mume, aliyetishia kumfukuza kwa sababu ya uongo, sasa alitamani kwa moyo wake wote mkewe awe mwongo.