Mboni Amtwangia Mama Juisi

Sogeeni karibu, watoto. Sogeeni taratibu, maana katika nyumba hii watu wamechoka.

Ni nyumba ya kina Mboni, kule Lushoto, milimani kwenye baridi. Mboni ana mama, ana bibi, na ana paka. Sasa ana mdogo wake pia, mtoto mchanga anayeitwa Hizza.

Hizza ni mdogo, lakini sauti yake si ndogo hata kidogo. Usiku analia. Nyaa, nyaa, nyaa. Mchana analia tena. Nyaa, nyaa, nyaa.

Mama amechoka.
Bibi amechoka.
Hata paka amechoka.

Mboni naye ana huzuni. Tangu Hizza azaliwe, Mboni hajakaa mapajani kwa Mama. Kila akimsogelea, Mama anasema, "Baadaye, mwanangu. Sina nguvu."

Mboni anaingoja hiyo baadaye. Haiji.

Siku hiyo Bibi alipika uji. Mama akanywa vijiko viwili, akaweka bakuli chini. Bibi akapika mtori wa ndizi na nyama. Mama akauangalia tu. "Asante, mama," akamwambia Bibi. "Kutafuna kunanichosha."

Nesi alikuja kumwona Mama. Akamgusa paji la uso, akampima mapigo ya moyo. "Apumzike, na asikose mboga," nesi akasema. "Kama hawezi kutafuna, mtengenezeeni juisi ya mboga. Itasaidia kumpa nguvu."

Mboni alisikia kila neno. Mama akipata nguvu, atampakata. Basi juisi ndiyo hiyo inayotakiwa.

"Bibi, tutengeneze juisi."

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, anasinzia. Akafungua jicho moja. "Haya," akasema. "Nenda bustanini ukang'oe karoti."

Mboni akaenda nyuma ya nyumba. Akashika majani ya karoti, akavuta. Pwu! Ikatoka. Akavuta nyingine. Pwu! Akang'oa na bitiruti moja, nene, imejaa udongo.

Bibi akaviosha. Akavimenya. Akavikatakata vipande vidogo, huku anapiga miayo. Akavitia kwenye blenda, akabonyeza.

Kimya.

Akabonyeza tena.

Kimya. Umeme umekatika.

"Na umeme nao umechoka," Bibi akasema. Akarudi kwenye kigoda chake, apumzike kidogo tu. Mara akaanza kukoroma. Khorrr, khorrr.

Mboni hakutaka kumwamsha. Akatazama huku na huku. Pale mlangoni palikuwa na vinu viwili. Kinu kikubwa kilikuwa kirefu kuliko yeye. Kinu kidogo kilimtosha sawasawa.

Mboni akachukua kile kidogo. Akatia karoti. Akatia bitiruti. Akashika mchi.

Twanga, twanga, pumzika.
Twanga, twanga, bado kidogo.

Mikono ilimuuma. Bitiruti ikamrukia puani, pua ikawa nyekundu.

Twanga, twanga, pumzika.
Twanga, twanga, bado kidogo.

Akatia maji ya kunywa. Akachuja kwa chujio la chai. Chururu, chururu. Juisi nyekundu ikafika nusu ya kikombe.

"Mama, nimekutengenezea juisi."

Mama akainuka kidogo kwenye mto. Akatabasamu kwa shida. Akapiga funda moja, funda kubwa.

Macho yakamtoka. Akakohoa. Khoo, khoo, khoo!

"Mwanangu," Mama akasema, "mbona juisi inawaka moto?"

Bibi akaamka, akaja mbio, mbio za mtu aliyechoka. Akanusa kikombe. Akapiga chafya.

"Mboni, umetwangia kinu gani?"

"Kile kidogo."

"Loo. Umetwangia kinu cha pilipili."

Kila mtu wa nyumba ile anajua. Kinu kidogo ni cha pilipili na kitunguu saumu, hakitwangiwi kitu kingine. Mboni naye alijua. Alisahau tu, kama watu waliochoka wanavyosahau.

Mboni akaanza kulia. Sasa waliolia wakawa wawili. Nyaa, nyaa, akalia Hizza. Hii, hii, akalia Mboni.

"Nimemuumiza Mama," akasema. "Sasa hatapata nguvu. Hatanipakata tena."

Bibi hakumgombeza. Nguvu za kugomba angezitoa wapi? Akamfuta machozi kwa pindo la kanga. "Karoti na bitiruti bado zipo bustanini," akasema. "Twende tukaanze upya."

Wakang'oa tena. Wakaosha tena. Safari hii wakachukua kinu kikubwa. Bibi akamsimamisha Mboni juu ya kigoda, wakashika mchi pamoja.

Lakini kwanza Mboni aliinama akanusa. Fff, fff. Kinu kilinukia mahindi.

"Salama," akasema.

Twanga, twanga, pumzika.
Twanga, twanga, bado kidogo.

Mboni akakamua ndimu. Bibi akatia asali kidogo. Wakachuja. Chururu, chururu. Bibi akaonja, Mboni akaonja, kisha wakapeleka chumbani.

Mama akakitazama kikombe kwa wasiwasi.

"Hakuna pilipili?"

"Nimenusa mwenyewe, Mama."

Mama akapiga funda dogo. Akangoja. Akapiga la pili. Akapiga la tatu, midomo ikawa myekundu. "Ni tamu," akasema. Kisha akampa Mboni kikombe. "Inayobaki ni yako."

"Hapana, Mama. Ni ya nguvu zako."

"Na wewe umechoka. Nimeona mikono yako inatetemeka."

Hapo Mboni akajua kwamba Mama anamwona. Akanywa juisi yote, hadi tone la mwisho.

"Mama," akauliza, "nguvu zimekuja?"

Mama akafikiri. Hakutaka kumdanganya. "Bado, mwanangu. Zitakuja kidogo kidogo. Leo siwezi kukupakata."

Mboni akainamisha kichwa.

Mama akajivuta hadi ukutani. Akafunua blanketi. "Lakini kulala na wewe hakuhitaji nguvu," akasema. "Njoo."

Mboni akapanda kitandani. Bibi akamchukua Hizza, akambeba mgongoni, akamwimbia polepole mpaka akanyamaza. Paka akajikunja miguuni. Nje, ukungu ukashuka milimani na jioni ikaingia.

Mama akauweka mkono wake juu ya Mboni. Ulikuwa mkono mzito, mkono wa mtu aliyechoka sana, na Mboni hakutaka uondoke.

Haukuondoka, hata walipolala.