Maji Yaliyopanda Mlima

Ekseli ilikatika katikati ya korongo la mchanga, na lori likainama upande mmoja kama ng'ombe aliyepigwa rungu. Sumari aliruka nje. Dramu mbili za maji ziliruka pia kutoka nyuma. Moja ikapasuka juu ya jiwe, nyingine ikamwangukia mguuni na kifuniko chake kikafyatuka. Mchanga uliyanywa maji yote huku Tabea akitazama. Likabaki doa jeusi, halafu hata doa lenyewe likakauka.

"Mguu, Tabea! Mguu!"

Tabea aliisukuma dramu tupu, akapiga magoti. Mfupa ulikuwa umevunjika chini ya goti. Alibomoa sanduku la vitunguu, akachana upindo wa kanga yake, akaufunga mguu kati ya mbao mbili. Sumari alitukana lori, akatukana korongo, akihema.

"Kuna nini cha kunywa?"

"Kibuyu tu, baba mdogo."

"Kibuyu gani?"

"Cha yule mama wa Ngaramtoni."

Sumari alifumba macho. Wote wawili walikuwa wamemcheka mama yule.

Safari ilikuwa imepangwa pale pale sokoni Ngaramtoni. Mzungu mmoja wa Arusha alitaka kupeleka wageni wake Kitumbeine, mlima uliosimama peke yake katika nyika kame kupita Longido, wakaone wanyama wa porini. Sumari alipewa kazi ya kutangulia na mahema, chakula na maji, na wageni wafuate baada ya Jumapili ya pili. Awe mpishi wake, akamchagua Tabea, binti wa kaka yake, aliyelelewa kwenye migomba na mibuni ya mteremko wa Meru. Tabea alikuwa na haya mno. Aliacha shule darasa la tatu, na hata mchungaji akimsalimu kanisani alijibu kanga ikiwa mdomoni.

Hapo sokoni Namnyaki, Mmasai muuza maziwa, alimpa mkono. Tabea akainamisha kichwa. Alikuwa amesikia kwamba ndivyo watoto wa kwao wanavyowasalimu wakubwa, waguswe utosini, akaogopa kukosea.

"Haya, tazameni!" Namnyaki aliwaambia wenzake. "Msichana mkubwa hivi bado analeta kichwa! Nani atakuoa, nkerai? Mtoto haolewi!" Lakini alimgusa utosi, kwa upole.

Sumari akamuuliza kama Kitumbeine kuna maji, maana Namnyaki alizaliwa huko.

"Iko. Maji iko juu, kwa kichwa ya mlima."

"Mama, huko kwenu maji yanapanda mlima kama mbuzi?"

Watu walicheka, na Tabea akacheka ndani ya kanga. Kwao maji yalishuka tu. Yalitoka msituni yakaingia mferejini, yakatoka mferejini yakaingia shambani. Nani hajui hilo?

Namnyaki hakukasirika. Alimtundikia Tabea begani kibuyu cha maziwa chenye ushanga mwekundu na mweupe. "Dramu yenu haina miguu," alisema. "Hii itakufuata."

Sasa walikunywa maziwa yale kwa kujibana, funda dogo dogo, mpaka kibuyu kikalia kikavu. Asubuhi iliyofuata Sumari alikuwa na homa. Midomo yake ilipasuka kama udongo wa kiangazi.

"Fuata korongo," alisema. "Teremka. Maji hushuka, mwanangu."

Tabea aliteremka. Jua lilimpiga kisogoni. Mchanga ulimchoma nyayo kupitia viatu. Kila kona ya korongo ilimwahidi kivuli, akakuta miiba. Mahali fulani alifukua kwa sufuria mpaka kucha zikatoka damu, na akapata vumbi baridi tu. Alizidi kwenda, na mwishowe korongo lenyewe likatawanyika katika nyika, likaisha, kama mtu aliyesahau alichokuwa akisema. Mbele yake hapakuwa na kitu ila weupe unaocheza machoni.

Aligeuka nyuma. Ndipo alipouona mlima. Chini ulikuwa mkavu, umechakaa, rangi ya majivu. Lakini kilele kilivaa wingu, na chini ya wingu palikuwa na weusi wa msitu.

"Maji iko juu," Tabea alisema kwa sauti, na hakuna aliyecheka.

Alirudi hadi kwenye lori. Sumari alijaribu kuinuka. "Umepata?"

"Tumekosea, baba mdogo. Huku siyo Meru. Maji yako kule juu."

"Utaliwa na wanyama. Kaa hapa tungoje wageni."

Maishani mwake Tabea hakuwahi kumkatalia mkubwa.

"Wageni watatuzika," alisema. "Wewe ngoja. Mimi napanda."

Alimburuta chini ya kivuli cha lori, akafunika mguu wake kwa turubai, akatundika kibuyu begani.

Alipanda kwa njia ya vifaru, akiinama chini ya miiba iliyomvua kanga mara mbili. Mawe yaliteleza chini yake. Alijikuta akiimba tenzi za kanisani bila sauti, ulimi ukiwa mnene kama kipande cha ngozi. Giza lilipoingia alijibana kati ya majabali akasikiliza kitu kizito kikivunja matawi karibu yake, kikapita. Kulipopambazuka hakuona mkono wake. Ukungu ulikuwa umeshuka, na katika ukungu miti mirefu ilining'iniza ndevu za kijivu, na kila unywele ulikuwa na tone.

Tabea alizikumbatia ndevu zile. Alizikamua mdomoni kwa mikono miwili. Maji yalikuwa na ladha ya majani na udongo, na hakuwahi kunywa kitu kitamu kama hicho. Kisha akasikia yakitiririka. Palikuwa na chemchemi ndogo, na mbele yake gogo lililochongwa kunyweshea ng'ombe. Alikuwa akijaza kibuyu sauti ilipotoka nyuma yake.

"Wewe! Kibuyu ya dada yangu umepata wapi?"

Alikuwa mwanamume mwenye mkuki na blanketi jekundu. Tabea aliinamisha kichwa kwa mazoea, akasema akiwa ameinama hivyo hivyo: "Shikamoo. Baba yangu mdogo yuko korongoni, mguu umevunjika, hana maji. Namnyaki ndiye aliyenipa. Twende sasa."

Mtu yule, Lemburis, alimgusa utosi, akatazama miguu yake iliyochanika. "Kaa upumzike. Tutashuka sisi na punda."

"Hamwezi kuliona lori kutoka juu. Nitawaongoza."

Akatangulia.

Walimkuta Sumari hai, akizungumza na marehemu mama yake. Tabea alimdondoshea maji kwa ncha ya kanga, tone kwa tone, mpaka macho yakarudi.

"Yametoka wapi haya?"

"Yalipanda mlima, baba mdogo. Kama mbuzi."

Sumari alicheka, akalia, akaomba tena.

Mzungu alipokuja na wageni wake, aliuliza maji yapo upande gani. Sumari, akiwa amelala kwenye machela, alimwelekeza kwa Tabea. Naye Tabea aliwaambia wageni waache dramu chini, kila mtu abebe kibuyu chake, na wapande. Alisema bila kanga mdomoni.

Habari ilifika Ngaramtoni kabla yake. Siku ya soko wanawake waliacha vikapu vyao, wakasimama. Tabea aliufuta ushanga wa kibuyu, akamrudishia Namnyaki kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

Aliusubiri mkono utosini. Haukuja.

"Inua uso," Namnyaki alisema.

Tabea aliinua. Mama yule alikuwa amenyoosha mkono mbele ya soko zima, kama anavyomsalimu mtu mzima mwenzake.

"Takwenya!" alisema, salamu ya Kimasai anayopewa mwanamke mzima.

"Iko!" Tabea aliitikia kwa Kimasai, na sauti yake ikasikika mpaka barabara ya Nairobi.