Mkono Uliokataa Talaka

Nguo zilikuwa zimekunjwa. Nyoosha alizianua asubuhi kwa mkono wa kushoto, akazirundika kitandani hovyohovyo, akaenda kubandika chai. Aliporudi, rundo halikuwepo. Palikuwa na mafungu yaliyonyooka kama matofali, pembe kwa pembe, mashuka yamekunjwa ule mkunjo wa hotelini ambao nyumbani humo hakuna aliyeujua ila yeye. Na yeye mkono wa kulia hakuwa nao.

Aligusa shuka la juu. Lilikuwa la moto.

"Wifi, umekunja nguo?"

"Nikunje saa ngapi, na nywele za mwanao zimenishinda?" alijibu dada wa marehemu mumewe kutoka barazani.

Nyoosha alizipanga nguo kabatini. Tangu ajali, hakuna lililomshtua. Kule kwenye kiwanda cha kufulia walimpa jina hilo kwa sababu kunyanzi halikupita mbele ya macho yake. Kazi yake ilikuwa kulisha mashuka kwenye rola za moto. Msimamizi wao, ambaye wote walimwita Chapuchapu kwa kuwa hakuwa na neno jingine mdomoni, aliifungua kinga ya chuma akisema inachelewesha kazi. Siku hiyohiyo rola zikala mkono mpaka kifundoni. Mwenye kiwanda akasema mwanamke alizembea, fidia hapati. Shauri likaenda ofisi ya fidia, na Nyoosha akakaa nyumbani akisubiri. Hakulia. Ganzi ilianzia kwenye kigutu, ikapanda begani, ikashuka moyoni, ikapanga humo kama mpangaji asiyelipa kodi.

Nyumba ikaanza kunuka mvuke na kitambaa kilichoungua. Mchana, jua likiwa limesimama, kabatini kulisikika mvumo wa kitu kizito kinachozunguka taratibu. Ukifungua, kimya, ila joto linakupiga usoni. Mtoto alicheka peke yake, akasema kuna mtu anamkuna mgongo. Nyoosha alisikia, akaendelea kumenya vitunguu kwa shida.

Alasiri moja mtoto alilala. Wifi alipokwenda kumwamsha, alipiga ukelele. Shuka lilikuwa limemzunguka mwili mzima, limepigwa pasi juu yake, pembe zimeingizwa ndani kwa ustadi, na uso uliobaki nje ulikuwa umeanza kuwa wa buluu. Walilirarua kwa meno. Mtoto akavuta pumzi, akalia.

"Wifi," dada yule wa marehemu alinong'ona, ameubana mdomo kwenye sikio la Nyoosha, "sisi humu tuko watatu. Huyu wa nne ni nani?"

"Sijui."

"Hujui! Mwanao kidogo azikwe, nawe umekauka kama gogo!"

"Punguza sauti. Litasikia."

Siku ya shauri walikwenda pamoja. Afisa wa fidia alikuwa mtu mpole, mwenye mafua. Chapuchapu alikaa upande wa kiwanda, shati limenyooshwa vizuri.

"Mama, tuonyeshe jeraha," alisema afisa.

Nyoosha alifungua mtandio. Aliona alichozoea kuona: kigutu, kovu, basi. Lakini afisa aliacha kupenga kamasi.

"Ripoti ya hospitali inasema mkono umekatika. Mbona mkono ninauona?"

"Wapi?"

"Huo hapo! Vidole vitano. Unanipungia."

Wifi alishika kichwa. Wakili wa kiwanda alicheka. Chapuchapu peke yake hakucheka. Ndiye aliyeuokota mkono ule sakafuni kwa taulo, na sasa alikuwa akiutazama, jasho linamtoka puani. Afisa alisema ofisi yake si mahali pa mazingaombwe. Shauri likafungwa.

Wifi ndiye aliyempeleka kwa mganga, mama mnene mwenye duka la mitungi ya gesi. Alikishika kigutu, akafumba macho, kisha akakiachia haraka kama mtu aliyeshika sufuria bila kitambaa.

"Jini hili limekaa kwenye mashine ile tangu kabla hujazaliwa. Limeingia kwa jeraha lako, likaukalia mkono wako. Na fidia, mwanangu, ni talaka. Siku utakayolipwa, mkono ule umeachika. Lenyewe halitaki kuachika. Limeonja joto la mtoto."

"Nifanyeje?"

"Liache wewe kwanza. Mara tatu, mbele ya watu, palepale lilipoingilia, mashine ikizunguka."

Nyoosha alikwenda kiwandani adhuhuri. Wapigapasi wenzake walimwona akipita katikati ya mvuke, wakaacha mashuka yaning'inie. Chapuchapu alimfuata akifoka kwamba haruhusiwi humo. Nyoosha alisimama mbele ya rola.

"Nimekuacha," alisema. Mvumo ukapanda.

"Nimekuacha." Harufu ya kuungua ikamjaa kooni.

Hapo ndipo vidole vya moto, visivyoonekana, vikaingia katikati ya vidole vya mkono wake wa kushoto, kimoja kimoja, polepole, kama mume anayemshika mkewe gizani, na joto lile likapanda mpaka kwenye ile ganzi iliyomjaa kifuani, likaibembeleza, likamwambia bila maneno kwamba hakuna mwingine duniani atakayemshika hivi tena, na yeye, ambaye kwa muda mrefu hakuwa ametaka kitu chochote, akataka, akataka sana, mpaka uso wa mwanawe, ule wa buluu, ukapita mbele yake.

"Nimekuacha!"

Vidole vikachomoka. Chapuchapu akapiga yowe nyuma yake. Mkono wa msimamizi ulikuwa umenyooka mbele, mtu hamwoni anayemvuta, viatu vinaburuzika sakafuni kuelekea kwenye rola. Mtu akabonyeza swichi nyekundu, mashine haikusimama.

"Niliitoa kinga mimi!" alilia. "Jamani, mimi! Hakuzembea, mimi!"

Rola zikasimama. Chapuchapu alianguka, na kwenye kifundo cha mkono wake palikuwa na alama tano za kuungua.

Nyoosha naye alikuwa chini. Maumivu yote aliyokuwa hajayasikia yalimjia kwa pamoja, akayapokea kwa kilio kilichowatoa watu wa mtaa wa pili nje.

Shauri likafunguliwa upya, na wapigapasi wale wakaenda kutoa ushahidi. Safari hii afisa aliona kigutu, akamwomba radhi. Fidia ikatoka. Nyumba ikanuka vitunguu na sabuni, na Nyoosha akalia kila alipotaka kulia, hata kwa mambo ya zamani.

Kisha akasikia kiwanda kimeipaka mashine ile rangi mpya na kuiuza. Aliulizia, akaifuata mpaka kwenye chumba cha dobi mmoja ng'ambo ya mji. Msichana alikuwa akiilisha mashuka, macho yamelegea.

"Mdogo wangu, kinga ya mashine hii iko wapi?"

"Ilikuja bila kinga, dada."

"Acha kazi. Leo hii. Nitakueleza kwa nini."

Msichana alitabasamu kivivu, kama mtu aliyeamshwa kabla ya usingizi kukolea.

"Niache, dada? Mbona ina upole hivi," alisema, akilaza kiganja chake juu ya chuma cha moto bila kukitoa. "Wala haichomi."