Cherehani ya Kokwijuka

Shangazi yangu Klaudia alikuwa fundi wa kushona, na hakuna mtu kijijini Ijumbi aliyeweza kumuuzia cherehani mbovu. Kisa hiki alinisimulia mara mbili tu maishani mwake, na mara zote mbili alisimulia akiwa ameutazama mlango.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1974. Kina mama wa kijiji cha ujamaa walikuwa wameahidi kushona sare za watoto wa shule, na cherehani yao moja ilikuwa imekufa. Wakasikia kwamba huko Kishanda kuna mzee mmoja, Projestus, anauza cherehani ya marehemu mkewe. Shangazi akatumwa kwenda kuikagua, yeye na jirani yake Immakulata. Walitoka asubuhi, kahawa imeanikwa kwenye mikeka kila ua waliopita.

Projestus aliwapokea kwa heshima. Akawapa akamwani, ile kahawa ya kutafuna anayopewa mgeni. Lakini mwenyewe alibaki mlangoni. Hakukanyaga sebuleni mwake.

Cherehani ilikuwa mezani. Ya zamani, nyeusi, ya kuzungusha kwa mkono, maua ya dhahabu bado yanang'aa ubavuni.

"Waitu, jamani, hii tunaichukua leo leo," Immakulata akasema.

"Usisifu kitu hujakifungua," shangazi akamjibu.

Akalizungusha gurudumu kwa kidole kimoja. Likaenda laini, bila kelele. Hapo ndipo shaka ilipoanzia. Cherehani iliyolala muda mrefu hukaza.

"Baba, imekaa muda gani bila kutumika?"

"Tangu mke wangu Kokwijuka afariki. Miaka minne. Hakuna aliyeigusa."

Shangazi akatoa bisibisi yake, akafungua kibati kilicho chini ya sindano. Kati ya meno yanayosukuma kitambaa palikuwa na vumbi la nguo, jeupe, laini. Akalisugua kwa vidole. Vumbi la miaka minne hugandamana na mafuta likawa gumu kama nta. Hili lilikuwa la juzi.

"Baba, nani anashona humu?"

Mzee alitupa jicho kwenye mlango wa chumba cha ndani. Ulikuwa umefungwa kwa komeo, upande wa nje.

Shangazi akadhani ameelewa. Ama cherehani ni ya wizi, ama mzee anaficha mtu. Akaamua kuijaribu, angalau apate la kuwaambia wenzake. Akatoa kipande cha kaki alichokuja nacho, akatunga uzi mwekundu, akazungusha. Mshono ukaja umenyooka, mzuri kuliko wake mwenyewe. Akaachia mkono.

Sindano ikashuka mara moja zaidi. Tak.

"Ni uzito wa gurudumu," Immakulata akasema. Lakini alikuwa ameacha kutafuna.

Shangazi akarudia. Safari hii alilikamata gurudumu, akalizuia. Likakisukuma kiganja chake. Polepole. Kama mkono wa mtu aliye upande wa pili.

Akaruka nyuma. Na hapo akakumbuka jambo ambalo fundi hasahau. Hakuwa ameweka uzi wa chini.

Akaichomoa bobini. Ilikuwa tupu. Bila uzi wa chini, mshono haushiki. Huu ulikuwa umeshika.

Akakigeuza kile kitambaa. Kwa chini, mstari mzima ulishikwa na unywele. Mmoja. Mrefu. Wa mvi.

"Tuondoke," akanong'ona.

"Muageni kwanza," Projestus naye akanong'ona. "Nawaomba. Hapendi mtu aondoke bila kumuaga."

Immakulata akasema kwaheri. Shangazi hakuweza. Nyuma ya mlango wenye komeo kitu kikaburutwa sakafuni, taratibu, kama kiti cha mtu anayejisogeza apate kumwona mgeni vizuri.

Walikimbia mpaka barabarani.

Siku ya tatu, saa sita mchana, kina mama wakiwa kwenye shamba la kijiji, Projestus akatokea. Alikuwa amekonda. Alibeba kifurushi cha majani ya mgomba, akamkabidhi shangazi.

"Nimetumwa nikuletee. Ameshona siku mbili mfululizo."

"Baba, mimi sikuagiza nguo."

"Najua, mwanangu."

Akageuka, akaenda zake. Mwezi uleule alihamia kwa ndugu yake huko Rubafu, na ile cherehani hakuna aliyeiona tena.

Ndani ya majani mlikuwa na gauni jeupe. Shangazi alikuwa na bega la kushoto lililoshuka kidogo, tangu alipoanguka utotoni. Gauni nalo lilikatwa hivyohivyo. Urefu sawa. Mikono sawa. Hakuna aliyewahi kumpima. Ila shingo haikuwa na tundu. Ilikuwa imeshonwa ikazibwa, kwa mishono midogo isiyopitisha hata kidole.

Immakulata alitaka lichomwe. Shangazi akakataa. Nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mwili wako, alisema, huichomi moto. Akalifungia kwenye sanduku la bati. Tangu hapo, kila alipoumwa, kabla hata ya kutafuta dawa, alilifungua lile sanduku, akapapasa shingo ya gauni, akalifunga.

"Bado," alikuwa akisema.

Alifariki mwaka 1993, mchana, bila kuugua, akiwa anamenya ndizi. Sanduku nililifungua mimi. Gauni lilikuwepo, limekunjwa vizuri. Shingo ilikuwa wazi, imepindwa kwa ustadi, na kifungo kimetiwa. Uzi wa kifungo ulikuwa haujakatwa. Sindano ilikuwa bado inaning'inia.