Vigingi vya Mwalimu Dorkas

Mguu wa darubini ulimvua Dorkas kilemba katikati ya soko la Singida, mbele ya wauza vitunguu, na soko zima likaangua kicheko.

"We kaka! Umekuja kupima barabara au vichwa vya watu?"

Kijana akageuka, darubini ya kupimia begani, suruali yake ya bugaluu ikifagia vumbi. "Nisamehe, dada. Naitwa Yeremia. Kilemba nitakufunga mwenyewe."

"Thubutu!"

Lakini alikuwa ameshacheka, na akishacheka mtu, ugomvi umekwisha. Tangu hapo Jumapili zao zilikuwa kando ya ziwa Singidani, na katikati ya wiki walizungumza kwa simu, Dorkas akiwa posta na Yeremia ofisi ya ujenzi. Dorkas alimpenda kupita kiasi, wala hakujificha.

Jambo moja tu lilimkosesha raha. Barabara ya Mtinko ilishuka kilimani moja kwa moja hadi mbele ya shule yake, na malori yalishuka kama yamefukuzwa. Mwaka uliopita, 1973, lori moja lilimvunja mguu mwanafunzi wake Selina. Sasa mji ulikuwa unapanuka, watu wanahamishiwa vijijini, na barabara ingechongwa upya.

"Yeremia, mpenzi, usiniletee malori mlangoni kwa watoto."

"Niachie mimi."

Akamwachia, akaenda Mtinko kuwasalimu wazazi. Aliporudi alikuta vigingi vyeupe vimepangwa mbele ya madarasa, karibu kuliko barabara ya zamani. Damu ilimchemka. Hasira hasara, lakini nani huikumbuka methali hiyo akiwa ameshakasirika? Aling'oa kimoja, akang'oa cha pili, akaufuata mstari mpaka nyuma ya jabali lililo kando ya shule, akavimaliza vyote na kumpelekea mpishi wa shule. Uji wa siku ile uliiva upesi. Kisha akaenda posta.

"Haloo, kipenzi! Umeviona vigingi?"

"Nimeviona. Vimepika uji. Na usinitafute tena, mwongo mkubwa we!"

"Dorkas, vile vya mlangoni ni njia ya miguu ya watoto. Barabara yenyewe inapinda, inapita nyuma ya jabali. Kona inabana, dereva apende asipende atakanyaga breki. Nimembembeleza mkuu wangu mwezi mzima, akakubali kwa shingo upande. Na greda limeshaondoka hapa! Lisipokuta vigingi litachonga palepale pa zamani, kesho liko njiani kwenda Rungwa."

"Mungu wangu! Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka nikufurahishe."

Dorkas aliitupa simu, akakusanya gauni lake la maua na kutimua mbio. Alijiona mjinga. Shuleni, mashimo ya vigingi yalikuwa bado wazi. Akapuliza filimbi.

"Wote nje! Nyuma ya jabali, kila mtu asimame kwenye shimo lake!"

Dereva wa greda, mzee Bonaventura, alikuta mstari wa watoto umezunguka jabali. Akasimamisha mashine.

"Mwalimu, mbona vigingi vyangu vinacheka?"

"Shikamoo, mzee. Ndivyo hivyo. Vifuate tu, vitakupisha."

"Marahaba. Haya, vigingi, kaeni sawa!"

Yeremia alifika na baiskeli, jasho likimtiririka, akakuta greda limeshaanza kupinda. Alimtazama Dorkas, akashindwa hata kumgombeza.

Jioni kona ilikuwa imechongwa.

"Nataka nije Mtinko kwa wazee," Yeremia alisema. "Unaniruhusu?"

"Mimi niliyekuchomea kazi yako?"

"Wewe huyo huyo."

"Ngoja kwanza."

Kilimani lori lilikuwa linashuka kwa kishindo. Dorkas alimkamata mkono, akamfinya bila kujua. Lori lilifika kwenye jabali, likaguna, likapunguza mwendo, likapita nyuma polepole, mbali na watoto, hata dereva akapata nafasi ya kuwapungia mkono. Machozi yalimtoka Dorkas.

"Njoo Jumapili," alisema. "Baba hapendi kungojeshwa, na mimi pia sipendi."