Bi Mapema Agoma Kufuta

Mafundi cherehani wana sifa moja mbaya. Ukienda kuchukua nguo, unaambiwa njoo kesho. Ukienda kesho, unaambiwa bado vifungo. Fundi wa hadithi hii hakuitaka sifa hiyo hata kidogo. Nguo aliyoahidi Ijumaa ilikuwa tayari tangu Jumatatu, imepigwa pasi na kutundikwa. Mtaa mzima ulimwita Bi Mapema, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi.

Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Cherehani ilikaa dirishani. Kompyuta kuukuu aliyopewa na kaka yake ilikaa kwenye meza ya kukatia, katikati ya vitambaa. Mumewe alikuwa mpaka rangi wa majumba. Jioni alirudi na madoa ya rangi kwenye nywele, akaketi mlangoni na kucheka peke yake, akitazama video alizotumiwa na jamaa zake.

Bi Mapema alimshonea kila mtu, lakini moyo wake ulikuwa kwa wale ambao madukani hawapati nguo ya kuwakaa. Kulikuwa na mama mmoja mwenye mgongo uliopinda. Kulikuwa na fundi bomba aliyepoteza mkono, ambaye alitaka shati analoweza kulifunga mwenyewe. Kila mmoja alimchorea mchoro wake na kuandika vipimo vyake. Michoro hiyo yote ilikuwa ndani ya programu ya ushonaji katika simu yake. Haikuwa mahali pengine popote.

Siku moja simu ikamponyoka ikaanguka sakafuni. Doa jeusi likatokea pembeni mwa kioo, na kila kulipokucha lilikuwa limetanda zaidi. Bi Mapema akaelewa hatari iliyokuwa mbele yake. Kioo chote kikiwa cheusi, hataweza kuifungua simu, na michoro itabakia humo humo.

Kompyuta yake ilikuwa na programu ileile. Programu hiyo iliweza kusawazisha, yaani kuhakikisha kuwa kilichomo kwenye simu kimo pia kwenye kompyuta. Bi Mapema akajaribu kusawazisha kupitia intaneti. Kompyuta ikakataa. Ilisema programu ya kwenye simu ni ya zamani, isasishwe kwanza, yaani iwekewe toleo jipya. Akajaribu kuisasisha. Simu ikaandika maneno fulani, naye akabonyeza "Sawa". Akajaribu tena. Maneno yakaja tena, akabonyeza "Sawa" tena.

Akaipeleka kwa muuza simu wa pale njia panda. Bwana yule aliitupia simu jicho moja tu, akasema dawa yake ni kuiondoa programu na kuiweka upya.

"Na michoro yangu?" Bi Mapema akauliza.

"Itafutika. Utachora mingine, mama. Si wewe ni fundi?"

Hasira zilimpanda Bi Mapema mpaka masikio yakawa ya moto. Akainyakua simu yake.

"Mlango wako ukikwama, wewe hubomoa nyumba?" akasema. "Hapa hafuti mtu kitu."

Nyumbani, mumewe alimshauri akubali tu yaishe. Yule ndiye mtaalamu, alisema, na mgonjwa habishani na daktari.

"Mimi nabishana," Bi Mapema akamjibu. "Yule mama mwenye mgongo alisimama hapa nikampima huku anaumia. Nimwite asimame tena kwa sababu ya uvivu wa mtu? Maji yakimwagika hayazoleki, baba watoto. Sifuti."

Mumewe alimjua mkewe akishasema hivyo. Akarudi mlangoni kwenye video zake.

Bi Mapema akaenda kumwita jirani yao wa nyumba ya pili. Jirani huyo alikuwa mtunza maktaba, na kila siku aliwasaidia watu waliokwama kwenye kompyuta za maktaba. Alikuja na waya wake mfukoni. Hakugusa kitu. Aliuliza kwanza simu inaandika nini.

"Inaandika haiwezekani," mume akasema.

"Hayo ni maneno yako, shemeji. Mimi nataka ya simu."

Mume na mke wakatazamana. Kumbe hakuna aliyewahi kuyasoma. Wakajaribu tena kusasisha, na safari hii Bi Mapema akasoma kwa sauti: "Nafasi haitoshi."

Jirani akaeleza kuwa sasisho nalo linahitaji mahali pa kukaa. Simu ikijaa, haliingii. Wakatazama kilichojaza simu. Si michoro. Zilikuwa video. Kila iliyomchekesha mume, alimtumia mkewe, na mkewe hakufungua hata moja.

"Hizo futa," jirani akasema. "Lakini programu ya ushonaji usiiguse. Ukiiondoa kabla ya kutoa nakala, inaondoka na michoro yako."

Bi Mapema akazifuta video bila huruma, mumewe akizisindikiza kwa macho. Kisha wakajaribu tena. Maneno yakabadilika: "Imeshindwa kuunganisha. Angalia tarehe na saa."

Jirani akatazama juu ya kioo, mahali ambapo doa halijafika.

"Dada, leo siku gani?"

"Jumatatu."

"Mbona simu yako iko Ijumaa?"

Bi Mapema akainamisha kichwa, akajifanya anatafuta sindano. Mumewe akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. Siri ikatoka. Alikuwa ameisogeza tarehe ya simu mbele kwa mkono wake, ili kila siku ajione amechelewa na akazane kushona.

Jirani naye alicheka, kisha akaeleza. Simu ikitaka kusasisha programu, huzungumza na duka la programu kwa intaneti. Wawili hao lazima wapatane tarehe. Wasipopatana, duka huhofia udanganyifu na kufunga mlango. Kompyuta ilikuwa na tarehe sahihi, ndiyo maana yenyewe ilijisasisha. Simu ikabaki nyuma na toleo la zamani, na matoleo mawili yasiyolingana hayasawazishiki.

"Kwa hiyo nirudishe siku nyuma?" Bi Mapema akauliza kwa ukali. "Nianze kuwaambia watu njoo kesho? Sitaki."

"Simu haijashona hata kifungo kimoja," jirani akasema. "Anayewahi ni wewe. Weka kikumbusho kiite mapema, uiache tarehe ikae mahali pake."

Hilo lilimwingia, ingawa halikumfurahisha. Akafungua mipangilio ya simu, akatafuta tarehe na saa, akachagua ijipange yenyewe. Simu ikarudi Jumatatu. Wakaizima na kuiwasha. Sasisho likaingia bila ubishi.

Ili mambo yaende haraka, wakataka kutumia waya. Waya wa Bi Mapema ulichaji tu. Jirani akasema nyaya nyingine ndivyo zilivyo, hupitisha umeme lakini hazipitishi mafaili. Akachomeka wake. Simu ikaomba ruhusa ya kuhamisha mafaili, lakini neno "Ruhusu" lilikuwa limezama ndani ya doa jeusi. Bi Mapema alilibonyeza, akalibonyeza tena. Kimya. Mumewe akasema basi, wamefika mwisho.

"Mwisho wa nani?" Bi Mapema akasema. Kitambaa kikiwa na doa, fundi hukigeuza ili doa liangukie pa kukatwa. Akailaza simu kwa ubavu. Maandishi nayo yakageuka, na "Ruhusu" likajitokeza upande wa kioo usio na doa. Akalibonyeza.

Michoro ikaanza kuingia kwenye kompyuta, mmoja baada ya mwingine. Ulipotokea mchoro wa shati la fundi bomba, Bi Mapema aliketi chini akalia, wala hakujificha. Jirani akamwacha alie, kisha akamwambia kompyuta nayo huharibika, hivyo nakala iwe zaidi ya moja. Wakatia nyingine kwenye flashi, mume akaifungia kabatini.

Kesho yake kioo kikawa cheusi chote. Bi Mapema akarudi kwa muuza simu kubadilishiwa kioo. Bwana yule alijiandaa kwa ugomvi. Akamwonya kuwa wakati wa matengenezo vilivyomo vinaweza kupotea, asije akalaumiwa.

Bi Mapema akaiweka simu mezani na kuisukuma upande wake.

"Futa ukitaka," akasema. "Kazi yangu naishika mwenyewe sasa."