Jua la Gitaza Lililopanda Jioni

— Simamisha hapo, Cikuru. Huyu mwanaume ananidanganya.

— Chérie, iko film tu.

— Mke wake alikufa. Amerudi nyuma miaka kumi, amemwokoa. Sawa. Sasa kama mke hakufa, alirudi kufanya nini? Na hiyo nguo nyeusi ya msiba anamvalia nani?

Cikuru alicheka, lakini hakumtazama.

Jovita na mchumba wake Cikuru walikuwa Rumonge, pwani ya Burundi, nyumbani kwa mama yake Jovita, wakiangalia tamthilia ya mtu anayesafiri katika wakati. Cikuru alikuwa mfanyabiashara wa ndagala, dagaa wa ziwani, kutoka Kivu Kusini, Kongo, na alikuwa amefiwa. Mke wake Riziki alizama na boti upande wa Kongo, mwili haukuonekana. Jovita mwenyewe alimwombea misa huyo marehemu. Siku hiyo Cikuru alilia mpaka kwaya ikanyamaza.

— Mwache mtoto wa watu apumzike, alisema mama Marcelina kutoka jikoni. Kila siku unatafuta makosa kwenye televisheni. Utaolewa lini?

— Jumamosi, mama.

Kesho yake Cikuru aliaga. Anakwenda Gitaza, pwani hiihii, kuchukua ndagala, atalala huko.

Asubuhi iliyofuata Jovita alikuwa anamenya mihogo simu ikalia. Video, na ujumbe chini yake:

"Amahoro mpenzi. Hili jua la jana jioni hapa Gitaza. Réseau ilikataa kutuma. Nililiangalia nikawaza weye."

Ziwa jekundu. Ng'ambo, milima myeusi. Jua limekaa juu ya mgongo wa mlima. Jovita alitabasamu, kisha tabasamu likaganda.

Jua halikuwa linazama. Lilikuwa linapanda.

Aliangalia tena. Pwani yote hii, Gitaza mpaka Rumonge, jua linatokea vilimani nyuma ya nyumba na jioni linaangukia upande wa Kongo. Hakuna mtu wa huku aliyewahi kuliona linatoka upande wa ziwa.

Akapiga.

— Cikuru, jua lako linapanda.



— Aah, simu imegeuza video, chérie. Inarudishaka nyuma.

Cikuru akakata haraka. Jovita alitaka kumwamini. Akaangalia mara ya tatu. Mtumbwi ulipita, pua mbele. Pembeni mkono wa mwanamke ukamwaga beseni, maji yakaanguka chini. Kama wakati ungekuwa unarudi nyuma, maji yangeruka kuingia kwenye beseni.

Akapandisha sauti ya simu.

"Baba Schékinah! Chai inapoa!"

Kisu kilimponyoka. Schékinah ni binti wa Cikuru, yatima wa Riziki, anayelelewa na bibi yake.

— Nani huyo anaita? aliuliza mama Marcelina.

Jovita alipiga tena. Simu ikapokelewa na sauti ileile ya mwanamke.

— Allô?

— Naongea na nani, mama?

— Mama Schékinah. Mwenyewe iko anaoga.

— Jina lako?

— Riziki. Na weye?

Jina hilo padri alilisoma altareni. Jovita alihisi baridi ikimpanda mgongoni, kana kwamba kuna mtu ameingia nyumbani akiwa amelowa maji.

— Uko wapi, Riziki?

— Niko Baraka, huku Kongo, kwangu. Mbona unauliza kama polisi?

— Mimi… nilikuombea misa.

— Misa ya nini? Mimi sigonjwi.

Mlango ulilia upande wa pili. Simu ikanyang'anywa.

— Chérie, sikiliza, nitakueleza yote…

— Nieleze moja tu, Cikuru. Kama hakufa, ulikuwa unamlilia nani?

Yalisikika mawimbi ya ziwa hilohilo, ya upande mwingine. Kisha nyuma ya Cikuru, taratibu, sauti ya Riziki:

— Nani amekufa, Baba Schékinah?

Jovita hakukata simu. Aliweka kipaza sauti ili mama yake naye asikie.

— Mjibu, alisema. Sisi tuko hapa.